Deni Lake, Kifo Chao

Baba akiua mke na watoto, hazipiti siku mbili kabla chanzo hakijapatikana. Kamanda wa polisi wa mkoa anasimama mbele ya vipaza sauti, anataja idadi ya marehemu na umri wao, anasema uchunguzi unaendelea, kisha anadokeza kwamba taarifa za awali zinaonyesha sababu ni ama wivu wa mapenzi ama ugumu wa maisha. Jirani akihojiwa anasema yule bwana alikuwa mpole, hana makuu, anasalimia kila mtu, ila siku za karibuni alionekana ana mawazo. Waandishi wanafunga madaftari. Sisi wasomaji tunatikisa kichwa, tunasema maisha yamekuwa magumu, na kesho yake gazeti linafungiwa maandazi.

Wivu niuache kwa leo. Una insha yake. Nataka kuutazama huu ugumu wa maisha unaposimamishwa kizimbani kama shahidi ambaye hakuna anayemhoji. Je, shida ya fedha inaweza kueleza kwa nini mtu amewaua watu wa nyumbani kwake? Nasema kueleza, sisemi kusamehe. Hayo ni mambo mawili, na nitayarudia.

Udhaifu wa kwanza wa jibu hili mtu hahitaji kusomea falsafa kuuona. Madeni yapo kila nyumba. Mvua imenyesha mtaa mzima, ukuta ulioanguka ni wa nyumba moja. Mkaguzi akiandika "mvua" kwenye fomu yake hajasema uongo, lakini ukuta hajaueleza. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, aliona kwamba tunapotaja sababu ya jambo huwa tunachomoa sharti moja kati ya mengi na kulipa cheo, ilhali sababu kamili ni masharti yote kwa pamoja. Tunachomoa lililo karibu na mkono. Deni liko karibu na mkono wa kila mmoja wetu: uzito wake tunaujua, na simu ya mdai inavyolia saa 12 asubuhi tunaijua. Ndiyo maana jibu la fedha huingia akilini bila kubisha hodi. Soko la hisa la New York lilipoporomoka mwaka 1929, watu waliamini kwamba matajiri wanajirusha madirishani kwa makundi. Mchumi John Kenneth Galbraith alipozipekua takwimu miaka ya baadaye, alikuta kwamba Oktoba na Novemba ya mwaka ule hazikuwa na wimbi lolote la watu kujiua. Majira ya joto yaliyotangulia, bei za hisa zikiwa juu, ndiyo yaliyokuwa na idadi kubwa zaidi. Hadithi ilikubalika kwa kuwa ilimtosheleza mtu asiyeuliza swali la pili.

Nichukue kesi moja iliyoandikwa sana, nikae nayo.

John List alikuwa mhasibu wa miaka 46 katika mji wa Westfield, jimbo la New Jersey, Marekani. Mlutheri wa kurithi, mwalimu wa shule ya Jumapili, mtu ambaye majirani walimkumbuka akikata majani ya uani amevaa suti na tai. Mwaka 1965 alinunua nyumba ya vyumba karibu 20, yenye ukumbi wa dansi, akahamia na mkewe, watoto watatu na mama yake mzazi, ambaye alikaa ghorofa ya juu. Kisha kazi ya benki ikapotea. Hakusema. Kila asubuhi aliaga, akatoka na mkoba wake, akaenda kukaa stesheni ya treni akisoma magazeti hadi saa ambayo mtu mwenye kazi hurudi nyumbani. Rehani ya nyumba ikawa inalipwa kwa fedha alizokuwa anachota kidogo kidogo kwenye akiba ya mama yake.

Jumanne, Novemba 9, 1971, watoto walipokuwa wamekwenda shule, alimpiga risasi mkewe, kisha mama yake. Akaenda benki. Akarudi, akala chakula cha mchana. Binti wa miaka 16 na mvulana wa miaka 13 walikufa walipofika nyumbani. Yule wa miaka 15 alikuwa na mechi ya mpira. Baba alikwenda kuitazama, akamrudisha kwa gari, naye akamuua. Alikuwa ameshapanga kila kitu: maziwa yasiletwe, gazeti lisiletwe, barua zishikiliwe posta, shule zijue kwamba familia imesafiri kwenda North Carolina kumwangalia mgonjwa. Akaacha taa zinawaka na muziki unacheza, akaondoka. Miili ilikutwa Desemba 7.

Mezani aliacha barua ya kurasa tano kwa mchungaji wake. Hiyo barua inanishughulisha kuliko bastola. Ndani yake alieleza kwamba kipato hakitoshi na kwamba familia ingeishia kupokea msaada wa serikali unaotolewa kwa maskini. Kwamba binti anapenda uigizaji na njia hiyo ingemtoa kwenye imani. Kwamba mke hataki tena kwenda kanisani. Lingekuwa moja tu kati ya hayo, asingefika huko, lakini yote kwa pamoja yamezidi. Na angalau sasa alikuwa na hakika kwamba wote wamekwenda mbinguni. Ni barua ya mhasibu. Kila mstari una kichwa chake, na chini kuna jumla.

Sasa tazama tunachofanya tunaposema List aliua kwa sababu ya fedha. Tunaisoma barua ile kwa sauti yetu. Jibu hilo hatukulichimba kwenye ushahidi. Tumelipokea kutoka mkononi mwa muuaji, limeshafungwa na kupigwa muhuri. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi hata huku kwetu, kwenye ujumbe wa mwisho wa simu au kipande cha karatasi kilichokutwa chini ya mto. Waliokufa hawakuacha barua. Mke angeandika nini? Pengine kwamba hakuwahi kuambiwa kazi imeisha. Pengine kwamba nyumba kubwa vile haikuwa na maana kwake. Hatuna toleo lake, kwa hiyo toleo la mumewe limebaki peke yake uwanjani na likapewa jina la chanzo.

Kuna namna ya kulijaribu jibu kama hilo. Swali la "kwa nini" huwa limeficha swali jingine ndani yake: kwa nini hiki, badala ya kile? Nikiuliza kwa nini Juma amekwenda Morogoro, huenda nataka kujua kwa nini Morogoro na si Dodoma, au kwa nini Juma na si kaka yake, au kwa nini leo. Jibu linaloshiba swali moja linaweza kuliacha lingine na njaa. Basi tumuulize List. Kwa nini kuua, badala ya kuuza nyumba? Badala ya kuomba mahakama imtangaze mufilisi, jambo ambalo sheria ya Marekani inaruhusu na watu wa kawaida hulifanya kila mwaka? Badala ya kupokea ule msaada wa serikali aliouogopa kama ukoma?

Na swali kali kuliko yote: badala ya kutoroka? Maana alitoroka. Siku iliyofuata aliondoka, gari lake likaja kukutwa limeegeshwa uwanja wa ndege wa Kennedy, na yeye akaibukia Denver, jimbo la Colorado, akiwa na jina la Robert Clark. Ukitaka kulikimbia deni, kukimbia kunatosha. Wanaume wanafanya hivyo kila siku kutoka Mbagala hadi Mombasa: anabadilisha laini ya simu, anapanda basi la alfajiri, na mke anaachwa akijibizana na wadai. Ni uovu, lakini ni uovu ambao deni linaueleza vizuri kabisa. Angeondoka List huku watano wale wako hai, fedha ingekuwa maelezo tosha. Mauaji ndiyo yanayobaki juu ya meza bila mwenyewe. Hayakumpunguzia hata dola moja ya deni ambayo kutoroka peke yake kusingeipunguza.

Juu ya ukumbi wa dansi wa nyumba ile kulikuwa na dari ya vioo vya rangi ambayo inasemekana ilitoka kwenye karakana ya Tiffany na kwamba thamani yake ilizidi dola 100,000. Kama ni kweli, dari hiyo peke yake ingefuta madeni yote. Waandishi wengi huitaja kama kejeli ya bahati: fedha ilikuwa juu ya vichwa vyao na hawakujua. Sidhani kama kujua kungebadilisha kitu. Ili auze dari ilibidi kwanza akubali mbele ya mtu mmoja, walau dalali, kwamba anahitaji fedha. Hilo ndilo alilolikwepa kwa kukaa stesheni na gazeti.

Halafu kuna Denver. Mwaka 1985 Robert Clark alioa tena, mwanamke wa kanisani. Huko nako kazi ikaja kupotea, fedha zikawa ngumu, ikabidi wahame hadi jimbo la Virginia kufuata ajira. Mtu ni yule yule, taaluma ni ile ile, na mfuko ni mtupu kama zamani. Hakuua. Mwanasayansi angefurahi kupata jaribio safi kama hilo, na matokeo yake yanaukataa mfuko kama sababu. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba Clark hakuwa na nyumba ya vyumba 20 ya kuitetea, wala mama wa kumficha kitu, wala watoto ambao roho zao alijiona ndiye mwenye hati yake. Alikamatwa Juni 1, 1989, baada ya kipindi cha televisheni kuonyesha sanamu ya kichwa iliyokisia sura yake ya uzeeni na jirani wa zamani wa Denver kumtambua. Alifungwa maisha mara tano, akafa mwaka 2008.

Mtu atasema nimechagua kesi inayonifaa. Nimechagua, ndiyo. Lakini nenda Shropshire, Uingereza, Agosti 2008. Christopher Foster alikuwa tajiri aliyejenga utajiri wake kwa kuuza vifaa vya kuzuia moto kwenye mitambo ya mafuta. Kampuni ilikuwa imeanguka, mali zilikuwa chini ya wafilisi, nyumba ilikuwa njiani kuondoka. Alishinda siku ya mapumziko na majirani kwenye nyama choma, akacheka nao. Usiku ule alimuua mkewe na binti yao wa miaka 15, akaua farasi, akaua mbwa, akaweka lori la kubebea farasi langoni ili mtu asipite, akachoma nyumba pamoja na magari, na yeye akafa humo humo. Ukiisoma orodha hiyo kwa utulivu unaona ni orodha ya nini. Ni vitu ambavyo dalali wa mahakama angevikuta. Mke na mtoto wamo katikati, kati ya farasi na magari, kana kwamba nao wangeweza kupigwa mnada.

Hapo ndipo naona fedha inaacha kueleza na kitu kingine kinashika usukani. Deni lilikuwa la Foster. Mtu anayelipa deni lake kwa uhai wa mwingine ameshaamini, kabla hata ya deni kuja, kwamba uhai huo ni sehemu ya mali zake. Imani hiyo deni haliwezi kuizaa. Huikuta imekaa siku nyingi, imevaa nguo za heshima, inaitwa upendo au uongozi wa nyumba. List naye alikuwa nayo, katika toleo la kidini: aliwaona watu watano kama amana aliyokabidhiwa, na akaamua kuirudisha kwa mwenyewe kabla haijachakaa.

Wachunguzi wa Uingereza wanaokusanya kesi za aina hii wamefika karibu na hapo kwa njia yao. David Wilson na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti wa kesi za kuanzia 1980 hadi 2012. Walipata watu 71 walioangamiza familia zao, na 59 kati yao walikuwa wanaume. Wakawagawa wanaume hao mafungu manne. Lipo fungu la wale wanaoiona familia kama matunda ya mafanikio yao ya kiuchumi, kiasi kwamba uchumi ukianguka familia haina kazi tena. Lakini ni fungu moja tu kati ya manne, na hata ndani yake linalotajwa ni jinsi mtu alivyoipa familia maana. Ukubwa wa deni hautajwi.

Émile Durkheim alikuwa ameshaligusa jambo hili mwaka 1897 katika kitabu chake juu ya kujiua. Aliona kwamba watu huongezeka kujiua wakati wa migogoro ya uchumi, lakini pia wakati uchumi unapopaa ghafla, na kwamba Calabria ya Italia, pamoja na ufukara wake, ilikuwa na watu wachache sana waliojiua. Akafikia kusema kwamba umaskini unamkinga mtu. Alikuwa anazungumzia kujiua, na mwanaume anayeua familia si lazima ajiue. Hata hivyo hoja inabaki na nguvu: kinachotisha ni ule mwendo wa kuanguka kutoka ngazi uliyozoea kuonekana umesimama.

Masheikh wetu wa Pwani wana darsa ambayo naiona imefika mbali kuliko Durkheim, na kwa maneno machache. Qur'ani inakataza kuua watoto kwa ajili ya umaskini mara mbili: katika Surat Al-An'aam, aya ya 151, na katika Surat Al-Israa, aya ya 31. Msikilizaji wa haraka atadhani ni rudio. Wafasiri wanasema sivyo. Aya ya kwanza inamsema mzazi ambaye umaskini umeshamfika, na ahadi ya riziki inaanza na yeye, kisha watoto. Ya pili inamsema anayeuogopa umaskini ambao bado haujaja, na safari hii watoto ndio wanaotangulizwa katika ahadi. Ni watu wawili tofauti. Mmoja ana njaa. Mwingine ana picha ya njaa kichwani. Na wote wawili wanajibiwa jambo moja, kwamba mtoaji riziki siye wewe uliyekuwa unajidhania.

List ni mtu wa aya ya pili. Hakuna mtoto wake aliyekuwa amelala njaa. Msaada wa serikali ungewafikia; ndio uliokuwa tishio lenyewe. Alikuwa anaikimbia siku ambayo ingejulikana kwamba mtoaji alikuwa mwingine muda wote: kwanza mama yake, halafu serikali.

Na Jean-Claude Romand wa Ufaransa ni mtu wa aya hiyo hiyo, amezidishwa. Kwa miaka 18 aliwaambia wazazi, mke na marafiki kwamba ni daktari mtafiti wa Shirika la Afya Duniani, Geneva, ilhali mtihani wa mwaka wa pili wa udaktari hakuufanya. Mchana alikaa kwenye gari, kwenye maegesho na misituni. Waliomlisha ni ndugu zake, waliomkabidhi akiba zao aende kuziwekeza Uswisi; alikuwa anazila. Januari 1993, fedha zilipokaribia kuisha na mtu mmoja akataka zake, aliua mke, watoto wawili na wazazi wake. Tukisema shida ya fedha ilimfikisha pale tutakuwa tumegeuza mambo. Kwake fedha ilikuwa mafuta ya kuendeshea uongo. Yalipoisha kilichosimama ni uongo, na familia ndiyo iliyokuwa abiria pekee ambaye angeuliza kwa nini tumesimama.

Najua pingamizi linalokuja, na nalichukulia kwa uzito kwa sababu linatoka kwa watu wenye njaa kweli. Wewe umeshiba, watasema, ndiyo maana unaiona fedha kuwa jambo dogo. Hujawahi kukopa kausha damu. Hujui mkopo wa wiki unavyozaa mkopo wa kulipia mkopo, hujui maofisa wa mikopo wanavyokaa barazani kwako tangu asubuhi hadi mchuzi unashindwa kuiva. Ni kweli kwamba shida ya fedha inasaga akili. Inamnyima mtu usingizi, inapunguza uvumilivu, inaongeza ugomvi wa ndani. Mtu anayedai kwamba riba haina mkono katika machozi ya nyumba zetu hajakaa mtaani.

Lakini tuwaangalie hao hao wa kausha damu. Wengi ninaowaona kwenye vikundi vya mikopo hiyo ni wanawake: mama lishe, muuza mitumba, mwenye genge la nyanya. Marejesho yakichelewa, wanakuja kubeba vyombo. Televisheni inatoka, friji inatoka, godoro linatoka, kochi linapigwa picha na majirani, watoto wa mtaa wamesimama wanahesabu. Ni ukatili, na sheria ingepaswa kuukomesha. Hata hivyo jioni yake mama yule anaazima sufuria kwa jirani, anapika uji, watoto wanakula wamekaa sakafuni. Kesho shoga zake wanamcheka kidogo, keshokutwa mmoja wao yanamkuta yale yale. Kama deni lingekuwa sababu ya kuua familia, yeye angekuwa wa kwanza kwenye orodha ya kamanda, na hayumo. Aibu yake imeshatokea, hadharani, na imegundulika kwamba mtu anaamka siku ya pili yake. Baba wa suti hajawahi kupewa nafasi ya kugundua hilo. Aibu yake bado inangojwa, na aibu inayongojwa haina kimo.

Huu si utetezi wa kubeba vyombo vya watu. Nasema tu kwamba tukitafuta kinachotenganisha nyumba inayoazima sufuria na nyumba inayozikwa, kiasi cha deni hakitusaidii. Kinachosaidia ni kuuliza deni lilijulikana na nani.

Nirudi kwenye kueleza na kusamehe. Wapo wanaokataa maelezo yoyote ya mauaji kwa hofu kwamba kuelewa ni nusu ya kusamehe. Mahakama hazifikiri hivyo. Sheria za Tanzania na Kenya zinatambua kwamba mtu aliyechokozwa ghafla akaua kabla hasira haijapoa anaweza kuhukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Dhiki ya fedha haimo katika uchokozi huo. Kwa upande mwingine, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua kesi ya Muruatetu mnamo Desemba 2017 kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima kwa kila aliyeua kwa kukusudia, iliruhusu maisha ya mtu, pamoja na dhiki zake, yasikilizwe wakati wa kupima adhabu. Kwa hiyo mahakama inaweza kumsikiliza mtu hadi mwisho na bado ikamwambia kosa ni lake.

Kosa la jibu la fedha basi haliko katika huruma yake. Liko katika kujibu swali ambalo halikuulizwa. Fedha inaeleza tarehe. Kwa nini Novemba ile na si miaka mitatu kabla: kwa sababu akiba ilikuwa imekaribia kwisha. Kwa nini Januari ile kwa Romand: kwa sababu mtu alitaka fedha zake. Kwa nini Agosti ile kwa Foster: wafilisi walikuwa mlangoni. Ukiuliza "kwa nini siku hiyo", daftari la benki linakujibu vizuri kuliko daktari wa akili. Ukiuliza "kwa nini hawa", daftari linanyamaza.

Katika kesi ya List, utetezi ulimleta daktari wa akili. Akaieleza mahakama kwamba mshtakiwa, kwa jinsi alivyolelewa na jinsi akili yake ilivyojengeka, aliona njia mbili tu: kupokea msaada wa serikali na kudhalilika, au kuipeleka familia mbinguni. Juri ilisikiliza, ikamtia hatiani kwa makosa yote matano. Nadhani daktari alikuwa amesema jambo la kweli, isipokuwa hakulimalizia. Alieleza njia mbili zilivyoonekana kwa mtu mmoja. Njia ya tatu, ya kuwauliza wengine waliokuwamo ndani ya nyumba, haikuhesabiwa hata kama njia iliyokataliwa. Na mmoja wa hao wengine hakuwa mtegemezi wa mtu. Mama yake List, mwenye umri wa miaka 84, ndiye aliyekuwa analipia rehani bila kujua. Kama palikuwa na mdai chini ya paa lile, ni yeye. Mwanawe alimuua asubuhi, kisha akaenda benki, akachukua kilichobaki kwenye akiba yake.